Vioo vya Bi Bilkis

Sura ya mama yangu ililiwa na ukuta, na aliyeulisha ukuta huo ni baba yangu mzazi. Sisemi kwa kumvunjia heshima, Mungu amrehemu, maana nilimwambia mwenyewe usoni, tena kwa sauti iliyofika nyumba ya saba. Mie Kazija ni mtu wa hasira tangu utotoni, sijifichi, na anayenijua ananijua hivyo.

Ilikuwa hivi. Baba akiitwa Nyange. Wazee wake walitoka bara, Unyamwezi, wakaja Pemba kuchuma karafuu, wakabaki, wakazikwa hapa hapa. Alikuwa mcha Mungu wa kupindukia. Nyumbani kwetu Limbani, mjini Wete, kulikuwa na picha moja tu, ya mama yangu Mwanakhamis, imetiwa fremu ya mbao isiyo na kioo. Wazee wa zama zile wakisema malaika haingii chumba chenye sura ya mtu, kwa hiyo ulipofika wakati wa sala mwenye picha akiigeuza ikatazama ukutani, na akishatoa salamu anairudisha. Wengi wakifanya hivyo na hapakuwa na madhara. Lakini mama alifariki tukiwa bado Konde, nami nina siku tatu tangu kuzaliwa. Siku hiyo baba aliigeuza picha asali, na alipomaliza hakuirudisha. Tulipohamia Wete akaitundika vile vile, uso ukutani, akakataza mtu yeyote kuigusa.

Basi nimekua naujua mgongo wa mama yangu. Ubao, misumari minne na kamba ya kutundikia. Watoto wenzangu wakijua mama zao wanacheka vipi, mie nikijua misumari. Nilipouliza, baba alikuwa na jawabu moja tu: "Ukiolewa nitakupa uione." Hebu fikiria, mtu wa hasira kama mie, kusubiri miaka ishirini!

Posa ilipokuja niliikubali haraka hata shangazi akaona haya kwa niaba yangu. Wakadhani nimempenda bwana. Ni kweli nilimpenda, lakini hiyo ilikuja baadaye. Siku ile nilikuwa nawaza picha.

Ulikuwa mwaka wa arubaini na mbili, vita vimepamba moto huko kwa wenyewe, nasi huku mchele kwa mgao, nguo kwa mgao, na chemni, vile vioo vya taa, hazionekani madukani hata kwa dawa. Zilibaki siku tano kufika harusi. Nilikuwa nimewekwa ndani kama ada ilivyo, bi harusi haonekani na mtu, na shangazi Tatu, dada yake baba, akinisugua singo, ule unga wa manukato, asubuhi na jioni mpaka ngozi ikawa inaniwasha. Asubuhi hiyo baba alibisha mlangoni akaniita chumbani kwake.

"Haya," akasema, macho yake yako chini. "Igeuze mwenyewe. Mie sithubutu."

Nikaivuta fremu, haikuja. Nikaivuta kwa nguvu, nikasikia kitu kinachanika, fremu ikaja mkononi na unga mweupe ukamwagika mpaka miguuni. Chokaa ya ukuta ilikuwa ikinyonya maji kila masika, mwaka baada ya mwaka, na picha imelazwa juu yake. Hapakuwa na uso. Hapakuwa na mabega wala mikono. Weupe mtupu, na vipande vya karatasi vimeng'ang'ania ukutani, havina umbo. Kilichosalia ni ukanda wa chini, upana wa vidole vitatu: mkeka, na juu ya mkeka miguu minne ya kike. Miwili imevaa mitawanda ya mti, miwili mitupu.

"Baba," nikasema, "mama yuko wapi?"

Alikuwa ameshika ukuta kwa kiganja, anapapasa pale palipobaki vile vipande.

"Baba, nakuuliza! Umemfanya nini mama yangu?"

"Nilikuwa siwezi," akasema. "Kila nikimtazama namwona kama anataka kuniambia kitu. Nikasema nimgeuze kidogo, moyo utulie. Haukutulia."

"Sasa haambii mtu kitu tena!"

Lahaula, nilimwambia mengi siku ile. Shangazi Tatu alikuja mbio na mikono yake imejaa singo, akanishika mdomo, na bado nikasema kupitia vidole vyake. Baba alikaa kitandani akaniacha nimalize. Nilipoishiwa pumzi ndipo akasema kwa upole kwamba picha ile aliipiga Mhindi mmoja wa Konde, Akbar Walji, nyuma ya duka lake, Iddi ya mwaka kabla sijazaliwa. Mama alikwenda na shoga yake. Shoga gani, baba hakumjua.

"Mwanamke mweupe. Nilidhani ni Mwarabu, Mshihiri. Mama yako hakunitajia na mie sikuuliza, mambo ya wanawake hayo."

"Akbar Walji si alihamia hapa Utaani?" akadakia shangazi. "Yule aliyefariki mwaka jana. Mjane wake anawauzia watu vile vioo alivyokuwa akipigia picha. Juzi nimemwona Ame fundi bati anapita navyo kikapu kizima, ati anatengenezea fanusi, kwa kuwa chemni hazi—"

Akajikata mwenyewe. Alikwisha kuniona ninavyomtazama.

"Kazija. Huwezi kutoka. Umewekwa ndani."

"Shangazi, fumba macho kidogo."

"Bi harusi kutoka nje ni nuksi!"

"Nuksi gani tena iliyobaki?" nikasema, nikalivuta buibui msumarini, nikajifunika gubigubi, nikatoka na kile kipande cha picha kifuani. Nilipofika njiani nilimsikia anamgombeza baba. Afadhali, nikasema moyoni, na yeye asaidie.

Nyumba ya marehemu Akbar ilikuwa na ua mkubwa nyuma. Nilipiga hodi mara moja, sikungoja, nikaingia. Bi Bilkis alikuwa amechutama mbele ya karai la maji ya moto, mwanamke mwembamba wa miaka arubaini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi. Mkono mmoja ameshika kioo, mwingine kumbi la nazi lenye majivu, anasugua. Kutoka kwenye kioo ulikuwa unabanduka utando mweusi, unaelea juu ya maji. Pembeni Ame fundi bati amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anapanga vioo safi kikapuni.

"Acha!" nikapiga kelele. "Wacha hapo hapo, usisugue!"

Bi Bilkis akainua kichwa. "Ala! Wewe nani unayeniamrisha kwangu?"

"Shikamoo," nikasema, maana nilikumbuka adabu nikiwa nimeshachelewa.

"Marahaba. Sasa niambie unaniamrisha kwa nini."

Nikamweleza, nusu nalia nusu nagomba. Kwamba mie ni Kazija, namtafuta mama yangu, Mwanakhamis binti Kificho wa Konde, ambaye sijapata kumwona hata siku moja. Kwamba picha yake imeharibika. Kwamba kioo chake huenda kimo ndani ya masanduku yale, au huenda, Mungu aepushe, kimo ndani ya karai lile.

"Mwanakhamis simjui," akasema. "Konde nilikaa miaka mitatu ndani ya kuta nne. Mume wangu ndiye aliyekuwa akijua watu. Kila nikimwambia Akbar andika majina, ananijibu, ya nini, mie nawajua wote. Haya, amekwenda nao." Akachovya kumbi kwenye majivu. "Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake. Mwisho wa mwezi naenda kwa kaka yangu Chake Chake. Masanduku sita ya vioo vya watu nisiowajua nitayapeleka wapi, mwanangu?"

"Nipe muda nitafute."

Akamtazama Ame. Ame akakuna kidevu. "Mpaka adhuhuri," akasema Bi Bilkis. "Mwenzio ana kazi yake."

Nikafungua sanduku la kwanza. Sikuwa nimepata kuona kioo cha picha maishani mwangu, na nilichokiona kilinitia hofu. Watu wa rangi ya majivu waliovaa kanzu nyeusi, nywele zao nyeupe, macho yao meupe. Hamna mama hamna baba, wote sura moja ya kutisha. Ame alichungulia begani kwangu akasema, "Mashetani matupu hawa, bora wakawe taa." Nilikuwa na maneno ya kumjibu lakini machozi yalitangulia. Nikakilaza kioo nilichokishika mapajani, juu ya buibui langu, ili nipanguse uso.

Nilipotazama chini tena nilipiga kelele.

Mtu alikuwa amekaa mapajani mwangu. Mtu kamili, mzee wa Kishihiri mwenye ndevu nyeupe na kanzu nyeupe, ameshika bakora, ananitazama. Kile kitambaa cheusi kilichokuwa chini ya kioo kilikuwa kimegeuza kila kitu, cheusi kikawa cheupe na cheupe kikawa cheusi. Nikikiinua kioo, shetani. Nikikilaza juu ya buibui na kukiinamisha kidogo ili mwanga ukipitie juu, mtu. Nikarudia mara tatu.

"Subhanallah," akasema Ame, akashuka kwenye kinu. "Huyu si yule Mshihiri aliyekuwa akiuza kahawa bandarini? Amekufa nikiwa na meno ya utoto huyu!"

Basi tukaanza. Nililitandaza pindo la buibui juu ya mkeka, mie nalaza kioo, Ame anatazama. Na walikuwa wakija, jamani, walikuwa wakija! Wachumaji karafuu kumi na wawili wa Kinyasa na pishi zao za kupimia, wamejipanga wima wanaogopa kupepesa. Karani wa Kigoa amevaa suti nzito, na mguuni kwake mbuzi wa mtu mwingine amejiingiza pichani. Mwalimu wa chuo cha Kurani, Mngazija, na wanafunzi wake, mmoja katikisa kichwa akatoka na nyuso mbili. Harusi ya Kibaniani, Bi Kamlaben wa duka la vitambaa, mtoto mbichi wa miaka kumi na tano, mzito kwa dhahabu, na pembeni fanusi kubwa ambayo Ame alisema imetengenezwa na baba yake mzazi. Wake wa Kiarabu wamefunikwa mpaka macho, wamekwenda kupigwa picha ambayo hakuna atakayewatambua, nikacheka peke yangu. Mpiga zumari wa ngoma zetu za kibara, mashavu yamejaa pumzi. Ame akiwajua wengi. Huyu alikuwa na maskani hapa, huyu alitumbukia kisimani, huyu ndiye aliyemnyonyesha fulani mama yake alipougua. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia katika mji nisioujua. Nilidhani Wete ni nyumba na njia, kumbe ni hawa, na walikuwa wamelala gizani ndani ya masanduku, mmoja juu ya mwenzake, Mwarabu juu ya Mnyasa juu ya Mhindi, wakitungoja.

Ghafla Ame aliacha kutaja majina. Nikamtazama. Alikuwa ametazama kikapu chake.

"Vile vya juzi," akasema polepole. "Vioo arubaini. Nimeshavitia kwenye fanusi, vimeshanunuliwa." Akavua kofia akaishika mkononi. "Kazija, nimewaosha watu arubaini."

Sharti niseme hapa, maana nikisahau sitarudi, kwamba Ame ndiye aliyeviokoa vilivyobaki. Alitengeneza makasha ya bati, akatafuta mahali pakavu pa kuyaweka, na kila Ijumaa baada ya sala akawa anaita wazee kwake, wa Kiarabu, wa Kihindi, wa Kinyamwezi, yeyote mwenye kumbukumbu, wanalaza vioo juu ya buibui la mkewe na kutaja majina, na mwalimu mmoja anaandika kwenye karatasi na kuibandika pembeni. Waligombana sana wazee wale. Lakini leo zaidi ya vioo mia tatu vina majina yake. Hayo yalikuja baadaye.

Bi Bilkis alikuwa ameacha kusugua. Alikuja na mikono inayochuruzika, akasimama nyuma yetu, na nadhani alikuja kutuambia muda umekwisha. Kioo kilichokuwa juu ya buibui wakati ule kilikuwa cha wavuvi watatu na samaki wao. Mbele yao, mchangani, kulikuwa na kivuli cha mtu, kichwa na mabega, viwiko vimetoka pembeni kama mtu aliyeshika kitu usoni.

"Kivuli cha nani hicho?" nikauliza.

Bi Bilkis alipiga magoti. Alivua miwani, akaifuta kwa upande wa gauni, akaivaa tena. Alikigusa kile kivuli kwa ncha ya kidole.

"Alikuwa akilipa jua mgongo," akasema. "Kila siku nikimwambia Akbar, kivuli chako kinaingia, sogea. Hasogei." Akacheka kidogo, kisha akaitazama mikono yake yenye majivu kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Na mie nilikuwa namsugua."

Toka hapo akakaa nasi. Ikapita adhuhuri, hakuna aliyeitaja. Ni yeye aliyesema masanduku ya Konde ni yale mawili ya chini, na ni mie niliyeacha kutazama nyuso nikawa natazama miguu peke yake, kipande changu cha picha mkononi. Nimeona miguu ya kila aina siku ile. Ya viatu vya Kizungu vilivyoazimwa, vinavyobana. Ya bangili. Ya matope. Sanduku la sita, karibu na chini kabisa, kilikuwapo kioo kimefungwa peke yake ndani ya kitambaa cha hariri. Nikakifungua, nikakitazama chini. Mkeka. Mitawanda miwili, miguu miwili mitupu.

Nikakilaza juu ya buibui, nikainamisha huku, nikainamisha kule. Haikutoka sura. Kilikuwa kizito mno, giza tupu kuanzia kiunoni kwenda juu.

"Hiki kimekolea," akasema Ame. "Hakitaki."

"Basi nitafanyaje?" Nililia sasa, sikuona haya. "Nimempata na simwoni! Nitafanyaje?"

Bi Bilkis aliingia ndani bila kusema. Alirudi na fremu ya mbao na bahasha nyeusi. Kumbe miaka yote ile aliyekuwa akitoa picha kwenye karatasi ni yeye. Akbar alipiga, mkewe alitoa, uani, mchana kweupe. Zilikuwako karatasi za namna hiyo zamani, hazitaki chumba cha giza. Unailaza karatasi juu ya kioo, unaibana ndani ya fremu, unaiweka juani, na jua lenyewe ndilo linalochora. Tangu vita vianze haziji tena. Bahasha ilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa imeshika ukungu, akaitupa. Ya pili aliinusa, akaigeuzageuza, akasema inafaa.

"Ni hii tu," akaniambia. "Una hakika ni kioo hiki?"

"Nina hakika na miguu."

"Haya, bismillahi." Akakipangusa kioo kwa kidole na mate bila kukitazama, kwa mazoea, akakibana pamoja na karatasi, akaiweka fremu juu ya ukingo wa kisima, jua likiwaka sawasawa. Tukakaa watatu tunaitazama mbao. Sijapata kungoja kitu hivyo, hata kujifungua watoto wangu sikungoja hivyo. Miaka ishirini niliiona mifupi kuliko robo saa ile.

Fremu zile mgongo wake una vilango viwili, cha chini na cha juu, ili mtoaji afungue kimoja achungulie bila kuisogeza karatasi. Bi Bilkis akaifunika kwa kivuli chake, akafungua kilango cha chini. Nikaona rangi ya hudhurungi, nikaona mkeka, miguu, na pindo za kanga mbili zinazofanana, maua makubwa na madoa ya mviringo. Ni kanga za sura moja. Wanawake wale walikuwa wamegawana doti moja ya kanga, kila mmoja upande wake, kama mashoga wanavyofanya.

Mkono wa Bi Bilkis ulikuwa juu ya kilango cha pili na hakukifungua.

"Vipi, Bi Bilkis? Imeharibika?"

Akakifungua.

Nisemeje? Walikuwa wanatoka, mbele ya macho yangu, jua linawatoa. Kwanza macho, kisha midomo, kisha mikono iliyoshikana. Wanawake wawili vijana wamejizuia kucheka na wameshindwa. Mmoja mweusi, paji pana, shavu limejaa. Mwingine mweupe, mwembamba. Nilisema Allahu akbar kwa sauti, sikuwa na neno lingine. Nikaushika ukingo wa kisima.

"Mwongo!" akapiga kelele Bi Bilkis. "Akbar, mwongo mkubwa wee!" Alikuwa analia na kucheka pamoja, anaipiga fremu kwa kiganja. "Mama mkwe alitukuta tumevaa kanga, akamwambia mwanawe, mkeo amekuwa mpagazi, kivunje kioo hicho mbele yangu! Nikakisikia kinavunjika! Nimekisikia kwa masikio yangu haya! Kumbe alivunja kingine, akakificha hiki, akampelekea na picha mwenzangu, na hakuniambia mpaka anakufa!"

"Bi Bilkis," nikasema, "unawajua?"

"Nawajua? Huyu mwembamba ni mimi, mtoto! Na huyu ni Lozi." Alilitaja polepole jina lile. "Lozi wangu. Akija mlango wa nyuma na mikeka yake ya kuuza, mie nimefungiwa ndani, sijui Kiswahili hata cha kuombea maji. Yeye ndiye aliyenifundisha kusema. Mie akiniita Iliki, na yeye nikimwita Lozi, jina jingine hatukuulizana. Wiki ile ile ya picha tukahamishwa Wete, sikumuaga. Miaka ishirini na moja kila nikisikia mtu ametoka Konde namuuliza, humjui mwanamke mmoja anasuka mikeka, anacheka sana? Nikajua ipo siku atapita tu mlangoni hapa." Akanigeukia, uso wake wote unang'aa. "Na wewe? Unamtafuta nani katika hawa?"

Nikauinamisha uso.

"Ulisema unamtafuta mama yako. Ambaye hukupata kumwona." Aliitazama picha. Alinitazama mie. "Hapa wamo wawili tu. Mmoja ni mimi. Na mimi ni mzima."

Ame alishika kofia yake akatoka nje, taratibu, akaurudisha mlango.

"Lini?" akauliza Bi Bilkis.

"Mie nina siku tatu."

Alitikisa kichwa mara nyingi. Hakupiga ukelele. Aliichukua karatasi, akaiosha katika dawa yake na maji mara saba, mikono inajua kazi yenyewe, akaitandika kivulini juu ya kitambaa ikauke. Kisha akanawa majivu, akanawa uso, akajifunika mtandio mpaka kwenye paji. Akavua viatu. Akapita mbele yangu, akatoka nje ya ua wake mwenyewe, akafunga mlango. Nikabaki nimesimama sielewi.

"Hodi," akasema kutoka nje.

Nikautazama mlango.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," nikasema.

Akaingia kama wanavyoingia wanawake msibani, taratibu, kichwa chini. Alikaa juu ya mkeka, akanivuta nikakaa mbele yake, magoti yetu yakagusana. Akanyoosha mkono wa kulia.

"Kazija," akasema, "nisamehe nimechelewa, sikupata habari. Nimekuja kukuhani. Umefiwa na mama, mwanangu. Pole sana."

Hakuna mtu aliyepata kunipa mkono ule. Mama alipokufa alipewa baba, akapewa shangazi Tatu, wakapewa wajomba, watu walitoka vijiji vyote kuja kuwapa. Mie nilikuwa kitoto kimefungwa nguo, kinapitishwa mkono kwa mkono kinyonyeshwe. Nani atampa mkono mtoto wa siku tatu? Na nilipokua walishamaliza kulia wote.

Nikaupokea mkono wa Bi Bilkis kwa mikono yangu miwili, inanuka singo. Nililia siku ile mpaka alasiri. Nilikuwa na miaka ishirini, na ndiyo kwanza nafiwa.